Baiskeli ya mtoto imeibiwa: mwongozo kamili kwa mzazi, kuanzia dakika ya kwanza

Mwanangu alirudi kutoka dukani na pakiti ya chumvi mkononi, chenji yote kamili, lakini kwa miguu. Alisimama mlangoni bila kulia. "Mama, baiskeli siioni," akasema. Alikuwa na miaka tisa. Baiskeli yenyewe ilikuwa nyekundu, inchi 20, mtumba wa Japani, tuliyoinunua baada ya kudunduliza kwa miezi kadhaa.

Tuliipata siku ya nne. Kuna mambo niliyoyafanya mapema yakasaidia, na mengine nilichelewa kuyafanya. Tangu hapo majirani wawili wamenijia na shida hiyohiyo, na kila mara naeleza yaleyale nikiwa nimesimama barazani, mzazi wa watu akiwa na haraka. Ndiyo maana nimeyaandika. Ninaishi Dar es Salaam, kwa hiyo ofisi ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar utaanzia kwa sheha. Kenya utapitia kwa chifu au mzee wa mtaa, na pale kituoni utaomba namba ya OB badala ya RB, yaani namba ya taarifa yako ilivyoandikwa polisi. Mengineyo hayatofautiani sana.

Shika jambo moja tangu mwanzo: mara nyingi baiskeli ya mtoto haifiki mbali. Mtu mzima hawezi kuiendesha na bei yake sokoni ni ndogo. Anayeichukua kwa kawaida ni mtoto mwingine aliyeitamani, au kibaka anayetaka hela ya leoleo. Wote wawili wako karibu na nyumbani kwako. Kwa hiyo tafuta karibu, tafuta haraka, na tafuta kimyakimya.

Dakika za kwanza ni za mtoto

Kabla hujavaa viatu, kaa chini na mwanao. Mtoto aliyeibiwa ana hofu mbili: kitu alichokipenda kimekwenda, na pengine atachapwa. Hofu ya pili ndiyo inayokuharibia kazi, kwa sababu mtoto anayeogopa fimbo hugeuza habari. Atasema aliifunga kumbe hakuifunga. Atasema alikuwa dukani kumbe alikuwa uwanjani anatazama mpira. Nawe utatoka mbio kwenda kuuliza dukani, wakati mwizi ameondokea uwanjani. Mwambie waziwazi, "Sitakupiga, nataka kujua ilivyokuwa." Kisha usimpige kweli, hata ukigundua kwamba kosa ni lake. Ukimpiga leo, kesho likimpata kubwa zaidi hatakuambia.

Mwulize mkiwa wawili tu, si mbele ya wapangaji wote. Aliiona wapi mara ya mwisho? Ilikuwa imeegemea nini? Adhana ilikuwa imeshatoka? Nani walikuwepo? Kuna mtu aliyemtuma kitu ili asogee pembeni? Na swali ambalo wazazi wengi hulisahau: nani amekuwa akimwomba aiendeshe siku hizi, naye akamkatalia?

Halafu hakikisha imeibiwa kweli. Watoto hukodishana baiskeli, mzunguko mmoja kwa shilingi mia au mia mbili, na mara nyingine aliyekodi hunogewa akaenda nayo mbali. Mwenye duka anaweza kuwa ameiingiza ndani kuinusuru. Mjomba anaweza kuwa amepita akaibeba. Maliza uwezekano huo kwanza, kwa sababu ukishatangaza wizi mtaani, aliyeikodi kwa uzembe tu anaogopa kuirudisha, na jambo dogo linakuwa kubwa.

Ikiwa mtoto amenyang'anywa kwa nguvu, amesukumwa au ametishiwa kisu, hapo habari si baiskeli tena. Huo ni unyang'anyi. Mkague mwili mzima, kwa sababu mtoto mwenye woga hasemi anapoumia. Kama ana jeraha, kituo cha polisi watakupa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Hali ikiwa mbaya anza na hospitali, fomu itafuata. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na Simu ya Mtoto ni 116, zote ni za bure.

Saa ya kwanza: tangulia kwenye chuma

Watu wengi huanza kwa kulia mtaani. Anza na wanunuzi wa vyuma chakavu. Baiskeli ya mtoto ina kilo chache tu za chuma, lakini kwa kijana anayetaka hela ya kete au ya sigara, zinamtosha. Ikishakunjwa na kutupwa kwenye lundo hutaitambua, na lori la mzigo likipita jioni, safari imekwisha. Huko ndiko saa inakohesabika.

Fika kwa adabu. Ukiingia kwenye eneo la skrepa na kusema "mmenunua baiskeli ya mwanangu", umefunga mdomo wa kila mtu pale. Mimi nilisema hivi: "Kaka, pole na kazi. Mwanangu kaibiwa baiskeli yake sasa hivi, nyekundu, ya inchi ishirini. Ikiletwa na mtu yeyote naomba unishikie, namba yangu hii." Kijana wa mizani alinijibu kwamba hawapokei baiskeli nzima, labda fremu. Basi nikajua la kuuliza kwenye eneo la pili: fremu, rimu, au vipande. Usiwasahau vijana wanaozunguka na mikokoteni wakinunua chuma mitaani. Wao wanaona mengi kuliko wenye mizani.

Kutoka hapo nenda kwa mafundi baiskeli, wale wa chini ya mwembe na wa pembeni mwa soko. Fundi ni mtu wa maana kuliko wote katika habari hii. Anaijua baiskeli kwa ugonjwa wake: hii pedeli yake inagonga, hii rimu ya nyuma ina spoku tatu mpya, hii nimeichomelea mwezi uliopita. Rangi inaweza kubadilishwa usiku mmoja, ugonjwa haubadiliki. Pia baiskeli iliyoibiwa humfikia mapema, kwa sababu aliyeiiba atataka kubadili tairi, kushusha siti, kung'oa keria au kengele ili isijulikane. Anza na fundi wako mwenyewe, kisha mwombe awapigie wenzake. Wanafahamiana.

Kijiwe cha bodaboda usikipite. Kama baiskeli imepakiwa kwenye pikipiki kuhamishiwa mtaa mwingine, kuna dereva aliyeipakia au aliyeiona ikipita. Kama mahali ilipoibiwa pana duka au wakala wa miamala mwenye kamera, mwombe akuangalizie siku hiyohiyo, maana kamera nyingi hujirekodi upya juu ya picha za zamani.

Je, uende na mtoto? Nenda naye mahali ilipoibiwa, akuonyeshe kwa kidole. Kwenye skrepa na kwa mafundi nenda na mtu mzima mwenzako.

Andika alama kabla hujaenda ofisini

"Baiskeli nyekundu ya mtoto" haimsaidii askari wala mwenyekiti. Chukua daftari ukae na mwanao, kwa sababu yeye anaijua kuliko wewe. Mimi nilikumbuka rangi na ukubwa. Yeye alikumbuka kwamba mpira wa mkono wa kushoto umechanika kwa ndani, kengele ina kutu upande mmoja, na chini ya siti alibandika stika ya mpira iliyotoka kwenye bablishi.

Ukubwa wa baiskeli ni kipenyo cha gurudumu, na umeandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 20 x 1.75. Jina la kampuni huwa kwenye bomba la chini la fremu. Namba ya fremu imegongwa kwenye chuma, mara nyingi chini pale pedeli zinapokutana, ukiipindua baiskeli utaiona. Nyingine huwa mbele chini ya usukani, au karibu na ekseli ya nyuma. Kama huna namba, tafuta picha: za sikukuu, za siku ya kuzaliwa, zile ulizomrushia bibi yake WhatsApp. Zikuze uangalie kila pembe.

Kwa baiskeli za mtumba wa Japani kuna alama ya ziada ambayo watu huipuuza. Kule sheria inamtaka mwenye baiskeli aisajili, na baiskeli iliyosajiliwa hubandikwa kistika kidogo chenye namba, aghalabu kwenye bomba la siti. Nyingi huingia nchini na kistika hicho bado kipo. Huku hakikupi umiliki wowote, lakini namba yake ni ya baiskeli hiyo moja tu, na kikibanduliwa mara nyingi kinaacha alama. Kama picha yako inakionyesha, una ushahidi mzuri.

Tafuta na risiti. Kama ulinunua kwa mtu, tafuta hati ya mauziano, au walau muuzaji akubali kuandika kwamba ndiye aliyekuuzia. Kisha chagua alama moja ambayo hutamwambia mtu yeyote isipokuwa polisi. Nitaeleza kazi yake baadaye.

Mjumbe, mwenyekiti na watu wa ibada

Jioni hiyohiyo mpe taarifa mjumbe wako, naye akupeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wengine huona ni kupoteza muda wakati polisi wapo. Mimi naona kinyume chake. Mwenyekiti anajua nyumba ipi ina kijana mwenye tabia ya kuokota visivyoanguka, na mzazi wa kijana huyo atamsikiliza mwenyekiti kabla hajamsikiliza askari. Baiskeli nyingi za watoto hurudi kwa njia hii, usiku, zikiegemezwa ukutani kwa mwenyewe, na hakuna anayejua nani kaileta. Mwombe pia awajulishe walinzi wa ulinzi shirikishi, ndio wanaokutana na wabeba vitu saa nane za usiku.

Msikitini na kanisani waombe watangaze. Iwe taarifa fupi isiyotaja mtu: baiskeli ya mtoto ya rangi fulani, ukubwa fulani, imepotea eneo fulani, atakayeiona amwone mwenyekiti. Kwenye tangazo la hadhara neno "imepotea" linamwachia aliyeichukua mlango wa kuirudisha. Kituoni usilitumie, na sababu yake ni hii inayofuata.

Kituo cha polisi

Wazazi wengi hawaendi. Wanasema ni baiskeli tu, nitachekwa. Nenda. Bila taarifa ya polisi, siku ukiiona baiskeli yako mikononi mwa mtu huna karatasi ya kushika, na yeye akisema "nimenunua" mnabaki maneno kwa maneno.

Nenda na kitambulisho, picha zilizochapishwa kama unaweza, risiti au hati, na lile daftari. Kaunta mwambie askari wa zamu kwamba unaripoti wizi. Usiseme "nimepoteza baiskeli". Kupotelewa na kuibiwa ni taarifa mbili tofauti: ya kwanza huandikiwa ripoti ya mali iliyopotea na hakuna anayetafutwa, ya pili hufunguliwa jalada. Maelezo yako yakiandikwa, omba usomewe au uyasome mwenyewe kabla ya kusaini. Angalia tarehe, saa, mahali, namba ya fremu na thamani. Taja bei uliyonunulia, usiiongeze. Ukitaja laki tatu kwa baiskeli ya elfu tisini, mbele ya hakimu kila neno lako litapimwa kwa uongo huo mmoja.

Ondoka na namba ya RB, jina la mpelelezi na namba yake ya simu. RB hailipiwi. Mimi kwenye kituo kimoja niliombwa hela "ya karatasi". Niliomba kwa upole kuonana na mkuu wa kituo, na karatasi ikapatikana palepale. Ukikwama kabisa, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113. Lakini jaribu upole kwanza, utamhitaji askari huyo wiki nzima.

Ikiwa mtoto anatakiwa kueleza mwenyewe alichokiona, uliza kama kituo kina Dawati la Jinsia na Watoto. Askari wa dawati hilo wamezoea kuongea na watoto, nawe ukae naye muda wote. Baada ya hapo mpigie mpelelezi kila baada ya siku mbili tatu. Kila ukimpigia uwe na habari mpya ya kumpa, ingawa ndogo: "Afande, fundi wa sokoni anasema kaona moja inafanana."

Tangazo la mtandaoni

Vikundi vya WhatsApp vya mtaa, vya wazazi wa darasa na vya vikoba husafirisha habari upesi. Nilichotuma kilikuwa hivi: "Baiskeli ya mtoto imeibiwa leo saa kumi na moja jioni karibu na uwanja. Nyekundu, inchi 20, siti nyeusi, kengele ina kutu. Taarifa ipo polisi na kwa mwenyekiti. Ukiiona usimguse aliye nayo, piga picha utupigie." Na picha ya baiskeli peke yake.

Peke yake, nasisitiza. Usiweke picha ya mtoto akiwa juu ya baiskeli, wala jina lake, wala shule yake, wala saa anazotoka peke yake. Mkate kwenye picha. Tangazo litazunguka kwa miaka na hujui linafika kwa nani. Usitaje mtuhumiwa, wala usirushe picha ya mtoto wa watu na kuandika "huyu ndiye". Ukikosea, jina la mtoto huyo halisafishiki.

Ile alama moja ya siri isiwe kwenye tangazo. Matapeli watakupigia. Mmoja aliniambia ameiona Mbagala, nimtumie nauli aifuate. Nilimuuliza chini ya siti kuna nini. Akakata simu. Usitume hela kwa mtu yeyote kabla hujaiona baiskeli kwa macho yako. Kumpa asante mtu aliyekuelekeza ikapatikana si vibaya, nami nilimpa fundi. Kuikomboa kwa aliyeiiba ni jambo lingine kabisa: umemfundisha kwamba watoto wako wanalipa.

Pita pia kwenye masoko ya mtandaoni, Jiji na Facebook, utafute kwa ukubwa na rangi kila siku kwa wiki mbili. Ukiiona, hifadhi picha ya tangazo lote pamoja na namba ya muuzaji, kisha mpelekee mpelelezi. Usiende kukutana na muuzaji mwenyewe ukijifanya mteja, hata kama ni mchana kweupe.

Ukiiona barabarani

Utatetemeka. Mimi nilitetemeka hadi simu ikaniponyoka. Usiikwapue. Kwanza hujui aliye juu yake ameipataje, pengine baba yake kamnunulia jana kwa hela halali. Pili, ukipiga ukelele wa "mwizi" katika miji yetu, hujui utaishia wapi.

Piga picha ukiwa mbali. Angalia anaelekea nyumba ipi. Mpigie mwenyekiti na mpelelezi, ukae hapo. Wakifika, waombe wamwulize aliye nayo aliipata wapi, halafu wewe utaje alama kabla baiskeli haijasogezwa karibu nawe, ili isionekane umezisoma palepale. Hapa ndipo ile alama ya siri inapofanya kazi: taja, igeuzwe, watu waone.

Aliyenunua bila kujua atapoteza hela yake, na hilo linauma. Lakini kununua hakumfanyi kuwa mwenyewe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kujua kwamba ni ya wizi, na kwa hiyo wengi, wakielezwa hivyo kwa utulivu, huiachia na kutaja aliyewauzia. Polisi wakiichukua kama kidhibiti itakaa kituoni. Mwombe mpelelezi akueleze utaratibu wa kukabidhiwa, na usisaini kwamba umepokea kabla hujaipokea.

Mtu akikamatwa

Siku ya nne fundi alinipigia. Baiskeli imeletwa kuwekwa pumzi, imepakwa rangi ya bluu kwa brashi, lakini rimu ya nyuma ina spoku zake tatu. Nilipofika, watu walikuwa wameshajaa. Katikati yao alikuwa mtoto. Nilidhani nitamkuta kijana mwenye ndevu, kumbe alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, kandambili moja mguuni, nyingine imetupwa. Mwanamume mmoja alikuwa ameshika tofali.

Sikufikiri. Nilimkumbatia yule mtoto nikampa watu mgongo, nikasema kwa sauti, "Baiskeli ni yangu, na mimi nasema asiguswe. Mwiteni mwenyekiti." Fundi akasimama upande wangu. Ilichukua kama robo saa mwenyekiti kufika, na sijawahi kuishi robo saa ndefu kama ile.

Naliandika hili kwa kirefu kwa sababu ndilo jambo zito kuliko yote katika mwongozo huu. Magazeti yetu yameshazoea maneno "wananchi wenye hasira kali", na nyuma ya maneno hayo kuna mtu amekufa kwa sababu ya kuku, simu au baiskeli. Wewe mwenye mali ndiye pekee ambaye umati unaweza kumsikia. Sema mapema, kabla kofi la kwanza halijapigwa, kwamba humtaki mtu apigwe. Piga 112. Ikibidi mwingize ndani ya duka na mwenye duka afunge. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(b), inasema mtu aliyeshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, na anayempiga mtuhumiwa naye anatenda kosa la jinai.

Mkosaji akiwa mtoto, mambo yanabadilika kisheria pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, na kesi yake ina mahakama yake, Mahakama ya Watoto. Aliye chini ya miaka 10 hahesabiwi kuwa na kosa la jinai kabisa. Sisi tulikaa ofisini kwa mwenyekiti: mimi, mume wangu, yule mtoto na bibi yake anayemlea. Bibi alitaka kumchapa mbele yetu, tukamwomba asifanye. Tulikubaliana kwa maandishi kwamba kijana atakaa kwa fundi jioni tatu, aikwangue ile rangi ya bluu, na tukampelekea mpelelezi nakala ili ajue kilichofuata. Kama jalada limeshafunguliwa, usijifanye kwamba limeisha kwa sababu mmepatana. Nenda umweleze mpelelezi kwamba unataka suluhu. Yeye, na hakimu kama limefika mahakamani, ndio wenye kuamua.

Akiwa mtu mzima mwenye mazoea, ushauri wangu ni kuendelea na kesi. Itasikilizwa Mahakama ya Mwanzo, nawe utaitwa kutoa ushahidi. Nenda kila unapoitwa. Kesi nyingi za wizi mdogo hufa kwa sababu mlalamikaji amechoka kuja.

Isipopatikana

Wiki tatu zikipita kimya, mwambie mtoto ukweli: tumetafuta, hatujaipata, na huenda isirudi. Usimwahidi nyingine kesho kama huna hela. Ahadi ya uongo itamuuma mara ya pili. Akikataa kwenda dukani au kupita njia ile, mpitishe wewe, siku kadhaa, mkiongea mengine. Hata wangu, ambaye yake ilirudi, hakuipanda kwa wiki mbili. Aliitoa nje, akaifuta, akairudisha ndani. Tulimwacha.

Ukinunua nyingine ya mkononi, usiwe wewe mnunuzi wa baiskeli ya mtoto wa mwenzako. Bei ikiwa ya kushangaza, au namba ya fremu imekwanguliwa, au rangi ni mbichi na ya brashi, achana nayo. Andikishianeni hati ya mauziano kwa mwenyekiti, yenye namba ya fremu, majina na mashahidi wawili.

Siku ya kwanza ya baiskeli mpya

Ipindue, piga picha namba ya fremu, ujitumie mwenyewe WhatsApp ili ibaki hata simu ikiharibika. Piga picha ubavu wa kulia, wa kushoto, na kila kovu.

Kufuli ya waya mwembamba hukatwa kwa koleo. Nunua mnyororo wenye kufuli ya maana, na mfundishe mtoto kuupitisha kwenye fremu na gurudumu kwa pamoja, kisha kwenye kitu kisichong'oka kama grili au nguzo. Ukifunga gurudumu la mbele tu, mwizi analifungua na kukuachia gurudumu lako na mnyororo wako. Kwa safari za dukani, ambapo mtoto hatafunga hata umwambie mara mia, kubaliana na mwenye duka aiegemeze pale anapoiona yeye mwenyewe. Usiku iingie ndani, si uani.

Na kuna mbinu ya fundi wangu, ambayo haigharimu kitu. Andika jina lako na namba ya simu kwenye karatasi kwa kalamu isiyofutika, ikunje, izungushie nailoni, uifunge na utepe. Toa siti, sukuma karatasi ndani ya bomba, rudisha siti uikaze. Anayeiba hubadilisha rangi, tairi na kengele, ila ni wachache wanaofikiria kuchungulia ndani ya bomba. Usimwambie mtoto, maana atawaonyesha wenzake kabla ya jioni.